Msumari Unaokufa Polepole



Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alijenga banda la mbuzi nyuma ya nyumba, nami kazi yangu ilikuwa kumpa misumari. Alisimika nguzo nne, akaziunganisha juu kwa mbao nne, kila pembe msumari mmoja. Ukiisukuma pembe moja, mraba wote unakwenda upogo, kama ganda la kiberiti lililotolewa droo ukalibana kwa vidole viwili. Nikamwambia, "Mjomba, banda linacheza." Hata hakugeuka. "Litatulia likishapigwa bati."

Likapigwa bati. Nikarudi kwenye pembe ileile nikaisukuma kwa bega. Wapi! Mraba ule ulikuwa umekuwa mraba kwelikweli.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari kwenye kazi ya kusanifu majengo, ndipo nilipojua kwamba sentensi ile ya mjomba ina vitabu vyake, kanuni zake, na maabara ambamo watu wenye shahada zao hulaza fremu kama ile sakafuni, wakaipiga mabati, wakaisukuma kwa jeki mpaka kitu kikatike. Jioni ya leo nataka tuizungumzie elimu hiyo: bati la paa linalozuia jengo lisiende upogo, na zaidi ya bati, kile kidude kidogo kinacholishikilia. Msumari.

Elimu hii ilikomaa zaidi Marekani, Kanada na Uingereza, kwa hiyo twende huko kwanza. Fikiria duka kubwa la Marekani, au ghala la kampuni ya usafirishaji: ghorofa moja, pana kama viwanja kadhaa vya mpira, nguzo chache ndani. Juu ya nguzo zimelala boriti za chuma, juu ya boriti kenchi nyepesi za chuma, na juu ya kenchi, bati. Bati hilo wao huliita deki. Usilifikirie bati letu la geji 30 ambalo ukiliwekea goti linakubali kukunjika. Deki ya kawaida ya paa ni geji 22, unene wake kama milimita 0.75, na mikunjo yake ina kina cha milimita 38, yaani inchi moja na nusu. (Kwa wale ambao hawajawahi kununua bati: geji huhesabiwa kinyumenyume. Namba ikipanda, bati linakonda. Utaratibu huo umeshawaliza wateja wengi dukani.) Juu ya deki hutandazwa tabaka la kuzuia joto na baridi, kisha ngozi ya kuzuia maji. Deki yenyewe hainyeshewi. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Sasa upepo unavuma kwenye ukuta mrefu wa ghala. Ukuta unausukuma msingi kwa chini na paa kwa juu. Paa nalo litaegemea wapi? Katikati hakuna kitu cha kulizuia kwa ubavu. Vizuizi viko mwisho wa jengo, kule kwenye kuta mbili fupi, au kwenye fremu zenye mikasi ya chuma, yaani vyuma vya mshazari vinavyopishana, zilizosimamishwa hapo. Basi paa halina budi kuubeba msukumo ule kwa ulalo, mita kwa mita, hadi ncha zake mbili. Hiyo ni kazi ya boriti. Ni boriti iliyolazwa ubavu, ambayo urefu wake ni urefu wa jengo na kimo chake ni upana wa jengo. Wahandisi huiita dayaframu.

Nikupe hesabu moja, kisha nikuachie. Ghala lina urefu wa mita 60, upana wa mita 30, na kuta za mita 8. Nusu ya juu ya ukuta, yaani mita 4, hupeleka upepo wake kwenye paa. Tuseme upepo ni mkali, kilonewtoni 1.5 kwa kila mita ya mraba, tukijumlisha unaosukuma ukuta wa mbele na unaovuta ukuta wa nyuma. Kila mita moja ya urefu wa paa inapokea kilonewtoni 6, uzito wa karibu magunia sita ya mahindi ya kilo 100. Kwa urefu wote ni kilonewtoni 360, na kila ncha inachukua nusu, 180. Zigawanye kwa upana wa mita 30: kila mita ya ukingo wa mwisho inabeba kilonewtoni 6. Nguvu hii ni ya mkato, ile inayotaka kutelezesha sehemu moja ya paa kando ya nyingine, kama unavyosukuma jalada la kitabu kinene na kurasa zote zikaserereka. Kingo mbili ndefu za paa zina kazi nyingine, moja inavutwa na nyingine inagandamizwa, kilonewtoni 90 kila moja, na ndiyo maana huwekewa chuma kisichokatika njiani kutoka ncha hadi ncha.

Sasa jiulize: je, bati la milimita 0.75 linaweza kuhimili hizo kilonewtoni 6 kwa mita? Chuma cha deki ya kawaida huanza kulegea kikivutwa kwa takriban newtoni 230 kwa milimita ya mraba, na kwa mkato kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Zidisha kwa unene. Utapata karibu kilonewtoni 100 kwa kila mita. Mia moja, tunahitaji sita! Mtu angeweza kufunga daftari hapo akaenda kunywa chai.

Asifunge. Lile bati ambalo tumelihesabu ni kipande kimoja kisicho na mshono chenye ukubwa wa ghala zima, na bati la namna hiyo halijawahi kutengenezwa. Paa halisi ni vipande, kila kimoja upana wa milimita 914, vimelazwa ubavu kwa ubavu. Nguvu ikitaka kutoka kipande kimoja kwenda cha jirani, lazima ipite kwenye mshono wa pembeni. Ikitaka kushuka kwenye chuma cha chini, lazima ipite kwenye misumari. Kenchi zikiwa kila mita 1.8 na msumari kila milimita 300, ghala letu la mfano lina misumari zaidi ya 3,000, ukiacha viungo vya mishono. Kamba hukatikia pembamba, na hapa pembamba ni pale msumari ulipotoboa bati. Kwa hiyo swali la bati lina nguvu kiasi gani halina maana sana. Swali ni msumari mmoja unabeba nini, na jirani yake anabeba nini.

Jambo hili halikugunduliwa kwa siku moja. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kulikuwa na profesa George Winter, ambaye utafiti wake ndio uliozaa kanuni za kwanza za Marekani za vyuma vyembamba vilivyokunjwa baridi, mwaka 1946. Mwenzake, Arthur Nilson, alianza miaka ya 1950 kuchukua mabati yaliyofungwa kwenye fremu na kuyasukuma, na mwaka 1960 akachapisha matokeo. Njia ya wakati huo ilikuwa ya kifundi kabisa: bati jipya likitoka kiwandani, ulitengeneza paa dogo, ukalivunja, ukaandika namba kwenye jedwali. Ukibadilisha unene, vunja tena. Ukibadilisha nafasi ya viungo, vunja tena. Wenye viwanda walilipa, na maabara zilijaa vyuma chakavu.

Larry Luttrell alipita Cornell pia, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1965, kisha akafanya kazi yake kubwa katika Chuo Kikuu cha West Virginia, mji wa Morgantown. Mwongozo wake wa kusanifu dayaframu, uliotolewa na taasisi ya wenye viwanda vya deki mwaka 1981, ndio uliobadilisha mchezo. Kwa maneno yangu mimi, Luttrell aliacha kuliuliza paa akauuliza msumari. Pima msumari mmoja kwenye kipande kidogo cha bati: unabeba kiasi gani, unateleza kiasi gani. Halafu kaa chini na penseli, tazama kipande kimoja cha deki kikisukumwa, na ukiulize misumari yake inajigawiaje kazi. Ile iliyo karibu na kitovu cha bati hufanya kidogo. Iliyo kando hufanya zaidi. Na ule wa pembeni kabisa, kwenye kona, una mabwana wawili, maana unavutwa kwa urefu na kwa upana kwa wakati mmoja. Mwongozo unakutaka uhesabu namna ambavyo ukingo unaweza kushindwa, bati la katikati linaweza kushindwa, kona inaweza kushindwa, na deki nzima inaweza kujikunja kama karatasi. Namba ndogo kuliko zote ndiyo nguvu ya paa lako.

Uingereza nako, Profesa E. R. Bryan wa Salford alifika mahali karibu na hapo kwa njia yake. Kitabu chake cha mwaka 1973 na kile alichoandika na J. M. Davies mwaka 1982 vililitazama bati kama ngozi iliyokazwa juu ya mifupa ya jengo, ngozi inayofanya kazi pamoja na mifupa. Namheshimu Bryan hasa kwa ukali wake juu ya jambo moja, ambalo nitalisema mwishoni.

Tuingie maabara. Fremu ya majaribio imelazwa mlalo, pande nne za chuma, na pembe zake zimeungwa kwa pini ili zizunguke bila ubishi. Umeitambua? Ni banda la mjomba kabla ya bati! Wanaifanya ilegee kwa makusudi, tena wanaisukuma kwanza ikiwa tupu kuhakikisha kwamba yenyewe haizuii chochote. Upande mmoja umefungwa sakafuni. Upande wa pili unasukumwa na jeki ya haidroli sambamba na ule wa kwanza. Bati hufungwa juu yake jinsi litakavyofungwa kwenye jengo, na vipimo vidogo huwekwa kwenye pembe kusoma fremu imekwenda upogo milimita ngapi.

Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Kisha unaanza kuona mikunjo ya bati ikilala upande kule kwenye ncha za vipande, kama kinanda cha mkono kinachofunguliwa kwa uvivu. Hii ndiyo siri kubwa ya ulegevu wa paa. Ukifunga msumari kwenye kila bonde, mikunjo haipati nafasi ya kulala. Ukiruka bonde moja moja ili kuokoa misumari, ncha zinacheza, na paa lile lile, bati lile lile, linakuwa legevu mara kadhaa. Nguvu inapungua pia, lakini ugumu ndio unaoporomoka. Mkadiriaji wa gharama hawezi kuliona hilo kwenye karatasi yake. Ataona misumari tu, na atapendekeza ipunguzwe.

Kwa sababu hiyo, deki iliyosanifiwa vizuri hupigwa misumari mingi kwenye ncha za jengo, ambako mkato ni mkubwa, na michache katikati, ambako mkato unashuka mpaka sifuri. Ukibahatika kupanda paa la namna hii kabla halijafunikwa, tembea kutoka ncha moja hadi nyingine ukitazama miguuni. Utaisoma hesabu ya mhandisi kwenye vichwa vya misumari.

Sasa niseme kuhusu aina za viungo, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Njia ya zamani ni kuchomelea. Mchomeleaji anaweka elektrodi bondeni, anatoboa bati kwa moto, kisha anajaza tundu lile kwa chuma kilichoyeyuka mpaka bati na boriti ya chini vishikane. Wao huita weldi ya dimbwi, maana chuma hutuama pale kama maji kidimbwini, kipenyo chake karibu milimita 16. Kwa macho ni kitu imara mno. Lakini umeme ukiwa mdogo, dimbwi hukaa juu ya bati kama tope lililokauka, halikushika chini, na wewe uliyesimama juu yake hujui. Umeme ukizidi, bati linaungua na tundu linabaki na weldi isiyogusa ukingo wake. Bati likiwa jembamba chini ya milimita 0.7 hivi, kanuni zinataka uweke washa ya chuma kwanza ili moto usile kila kitu. Na zinki iliyopakwa bati inatoa moshi ambao mchomeleaji anauvuta siku nzima.

Njia ya pili ni msumari unaofyatuliwa kwa bastola ya baruti. Mlipuko mdogo unausukuma msumari wa unene wa milimita 4.5 ukapita kwenye bati na kuingia ndani ya chuma cha boriti, bila kutoboa kwanza. Mwili wake una mikwaruzo. Chuma cha boriti kinajibana kuuzunguka kwa joto na msuguano, usitoke tena. Ya tatu ni skrubu inayojitobolea. Kwenye mishono ya pembeni hutumika skrubu, au weldi, au mfinyo: koleo maalumu linayafinya mabati mawili yaliyokumbatiana mpaka yafanye kama kitufe. Kanada walizoea kuchomelea kwenye boriti na kufinya mishono. Ni haraka, ni rahisi.

Ukipima nguvu ya juu kabisa, weldi nzuri inashinda. Kwa miaka mingi hilo lilitosha. Mpaka watu walipoanza kuuliza swali la tetemeko.

Upepo unasukuma, tetemeko linasukuma na kurudisha, mara nyingi, na nguvu yake hukua kadiri jengo linavyokataa kutii. Kanuni za Kanada zilitaka mikasi ya chuma ya wima ndiyo itii, ivutike na kumeza nguvu, na paa libaki imara kuliko mikasi. Wazo zuri, lakini mikasi kwa kawaida huwa minene kuliko inavyohitajika, kwa kuwa inapaswa pia kustahimili kugandamizwa bila kupinda. Paa likilazimika kuishinda mikasi iliyonenepa, nalo linenepe: bati zito, misumari juu ya misumari. Gharama zikapanda. Huko Montréal, Colin Rogers wa Chuo Kikuu cha McGill na Robert Tremblay wa École Polytechnique wakauliza: kwa nini paa lenyewe lisiruhusiwe kutii kidogo?

Wakajenga fremu ya mita 3.66 kwa 6.10, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakalisukuma paa mbele na nyuma, mbele na nyuma. Matokeo waliyoyachapisha na mwenzao Essa mwaka 2003 ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi ayaone kwa michoro yake. Paa la weldi na mfinyo lilipanda vizuri, likafika kileleni, kisha likaanguka. Weldi ikikatika imekatika. Haina la pili la kusema. Mzigo wake unamrukia jirani, jirani naye anakatika, na mfinyo wa mishono ulikuwa umeshaachia. Paa la misumari na skrubu halikufanya hivyo. Lilifika kileleni likakaa karibu na hapo huku likiendelea kwenda upogo.

Kwa nini? Nenda karibu, piga magoti, tazama msumari mmoja. Mwili wa msumari haukukatika. Kilichoshindwa ni bati lililo mbele yake: chuma chembamba kimejikunja kama zulia lililosukumwa na mguu wa kiti, na tundu limerefuka, likawa kama tundu la kifungo cha shati. Kila milimita ya urefu huo ni kazi iliyofanywa, nguvu iliyomezwa. Msumari umesimama wima, bado umelishika bati lisipeperuke, na bati linalipa deni kidogo kidogo. Skrubu ya mshono hufa kwa namna nyingine: inainama, kichwa kikalala, ikachana bati taratibu. Hata weldi ikiwekewa washa inakuwa na subira zaidi, maana inalazimisha bati lichanike kabla ya weldi kung'oka. Ninaposema msumari unaokufa polepole, nasema kuhusu hilo tundu la kifungo.

Nisikudanganye, lakini. Kufa polepole kuna gharama. Tundu likisharefuka, jengo likirudi upande wa pili msumari unasafiri bure ndani ya tundu mpaka ugonge ukingo mwingine. Kwa milimita chache hizo paa halishiki chochote, linaelea. Kila mzunguko nafasi hiyo inaongezeka. Ndiyo maana baadaye kundi hilo la Montréal lilijaribu mapaa makubwa zaidi, ya karibu mita 21 kwa 7, yakitikiswa kwa kasi ya tetemeko, kuona kama tabia ya kile kifremu kidogo inabaki ileile. Kifremu hakina ile mitetemo ya paa refu ambalo tumbo lake linabembea kuliko ncha zake.

Marekani iliichukua hoja hiyo miaka iliyofuata. Watafiti wa Johns Hopkins, Virginia Tech, Northeastern na wenzao walikusanya mamia ya majaribio ya zamani, mengi yaliyokuwa yamekaa kwenye ripoti za maktaba tangu enzi za jeki za mkono, wakayasoma upya wakiuliza jambo ambalo waliofanya majaribio hayo hawakuliuliza sana: baada ya kilele, nini kilitokea? Jibu likaingia kwenye kanuni. Katika kanuni ya mizigo ya Marekani ya mwaka 2022, iko njia ya kusanifu ambayo kwanza inakufanya uihesabu nguvu ya tetemeko kwenye paa kabla ya punguzo la deki yenyewe. Kisha, kama deki yako imefungwa kwa misumari au skrubu kwa masharti maalumu, unaruhusiwa kuigawanya kwa 2.5. Kama haikutimiza masharti hayo, unagawanya kwa 1. Yaani huigawanyi. Hiyo 2.5 ndiyo bei ya tundu la kifungo, imeandikwa kwenye sheria.

Mimi naiunga mkono namba hiyo, kwa wasiwasi. Imetoka maabara, ambako kila msumari uliwekwa na mtu aliyekuwa akitazamwa. Juu ya paa yuko kibarua mwenye bastola ya baruti, jua la saa saba, na misumari 3,000 ya kumaliza kabla ya mvua. Bahati nzuri msumari unasema ukweli wake. Kichwa kikisimama juu mno, baruti ilikuwa dhaifu na msumari haukuingia vya kutosha. Kikizama mno, kimelipasua bati. Mkaguzi hupita na kipimo kidogo mkononi akipima urefu wa vichwa. Weldi haina hisani hiyo. Weldi mbovu na weldi nzuri hufanana kwa mbali, na wakati mwingine kwa karibu.

Na msumari huohuo, msikilizaji, siku ya upepo hauna kazi moja. Upepo unaopita juu ya paa unalinyanyua bati wakati uleule ambao ukuta unalisukuma kwa ulalo. Msumari unavutwa juu na kusukumwa pembeni kwa pamoja, na uwezo wake kwa kila upande unapungua kwa sababu ya upande wa pili. Wanaosanifu kwa haraka hukagua moja, kisha nyingine, wakaandika sawa, sawa.

Sasa turudi kwetu. Nilikuambia deki hainyeshewi. Bati letu linanyeshewa, ndiyo maana fundi wetu hupiga msumari au skrubu juu ya mgongo wa bati, na kampira chini ya kichwa, ili maji yapite bondeni bila kukutana na tundu. Kwa mvua ni akili tupu. Kwa dayaframu ni hasara, maana msumari wa mgongoni umesimama kama mtu kwenye ngazi ndefu: bati likisukumwa, mgongo wote unayumba kabla nguvu haijafika chini. Ongeza hapo wembamba wa bati, na yale mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga, ambayo kwa hesabu hii ni sawa na madirisha. Maghala yetu mengi yamewekewa mikasi ya chuma chini ya bati, na mikasi hiyo ndiyo inayobeba. Bati linasaidia bila kuulizwa, kama lilivyolisaidia banda la mjomba.

Hapa ndipo ukali wa Bryan unapokuja. Pale ambapo bati limehesabiwa kuwa sehemu ya mifupa, alisisitiza, si kifuniko tena. Huwezi kuling'oa kipande bila hesabu ili kupitisha bomba la moshi au kuweka feni, kama vile usivyoweza kukata boriti kwa sababu inakuzuia kuona televisheni.

Siku moja niliitwa kwenye ghala ambalo mwenyewe alitaka kufungua matundu makubwa ya hewa juu ya paa. Ramani zilionyesha kwamba bati lilikuwa limehesabiwa, na mikasi haikuwepo. Fundi alikuwa ameshachora kwa chaki miraba minne, yote karibu na ukuta wa mwisho, kwa sababu pale ngazi ilikuwa inafika kwa urahisi. Nikamwomba anifuate. Tukatembea juu ya kenchi, mabegani tumebeba kamba, mpaka katikati ya jengo, ambako mkato unakaribia sifuri. Nikaichukua chaki.

"Shemeji," akaniambia, maana ndivyo alivyokuwa akimwita kila mtu, "huku ni mbali na ngazi."

Nikamwambia sogeza ngazi. Nikachora.